Kashfa ya Mahindi ya Machakos Yafaa Kuimbwa, Tena kwa Jina

Kila kashfa ya serikali inapozuka nchini mwetu, njia yake ni ile ile. Kwanza huwa vichekesho vya simu, kisha makelele bungeni, kisha tume, kisha ripoti, kisha kimya. Chache hufika jukwaani, na zilizofika zikiwa zimebebwa na nyimbo ni za kuhesabu kwa vidole. Leo nataka kuueleza mchezo wa namna hiyo, yaani tamthilia ya nyimbo iliyojengwa juu ya jambo la siasa lililotokea kweli: umetoka wapi kwetu, umezuiwa vipi, na kwa nini naamini kashfa iliyo tayari kabisa kuimbwa iko Machakos. Ni ile ya mahindi ya mwaka 1965 na 1966, na mhusika wake mkuu ni Paul Ngei.

Tuanze na jina. Mchezo wa kawaida waweza kuwa na wimbo wa harusi hapa na wa maziko pale, nao ukabaki mchezo wa maneno. Ukiutoa wimbo, kisa chaendelea. Tamthilia ya nyimbo ni kitu kingine. Humo wimbo ndio unaosukuma kisa: waziri hukata shauri akiimba, raia hulalamika kwa kiitikio, na jaji akisoma hukumu ngoma inalia chini yake. Ukiziondoa nyimbo wabaki na kurasa chache zisizosimama. Wenzetu wa New York na London wameijengea sanaa hii majumba, Broadway na West End. Kwetu imeishi bila ya nyumba, na mara nyingi bila ya jina.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kufunzwa kwamba wimbo waweza kumshitaki mtu. Mabibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada miongoni mwao, na mashindano yao hayakuwa ya mavazi peke yake. Aliyefanya la aibu alijua litafika ngomani. Vugo lilipita mitaani pembe zikigongwa, na ndani ya nyimbo za harusi mlikuwa na jiwe la mtu. Lamu walikuwa na beni zao. Taarabu nayo twaijua: mwimbaji anaimba habari za embe lililooza, na pale kwenye viti kuna mtu anajifunika leso.

Lakini angalia kanuni ya mambo yote haya. Jina halitajwi. Hilo ndilo fumbo, na ndilo tunalojivunia mbele ya watu wa bara. Kwa ugomvi wa mtaa fumbo latosha, maana mtaa mzima unamjua aliyerushiwa. Swali ni kama latosha kwa kashfa ya serikali, ambapo wasikilizaji ni nchi nzima na mwenye kurushiwa ana askari.

Tamthilia ya nyimbo iliyo maarufu kuliko zote nchini ni ile iliyozuiwa kabla ya usiku wake wa kwanza. Huko Kamirithu, Limuru, wanakijiji pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameigiza Ngaahika Ndeenda kuanzia Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa, na mwaka ulipokuwa unakwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa. Alikaa kizuizini Kamiti hadi Desemba 1978. Baadaye akaandika Maitũ Njugĩra, maana yake Mama Niimbie. Hiyo ilikuwa ya nyimbo hasa, nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, na kisa chake kilikuwa cha zama za ukoloni: kipande, kodi na kazi ya shokoa katika mashamba ya masetla. Ilikuwa ifunguliwe Februari 1982 katika Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, Nairobi. Kibali hakikutoka, na waigizaji wakakuta milango imefungwa. Wakahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, watu wakamiminika kwa maelfu kutazama mazoezi tu, mpaka nayo yakasimamishwa. Machi 1982 askari walifika Kamirithu wakaubomoa ukumbi wa wazi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao.

Yafaa tutazame kilichoiogopesha serikali. Waliosemwa jukwaani walikuwa masetla wa nusu karne nyuma. Hakuna waziri wa 1982 aliyetajwa. Lakini wimbo wa shambani, ukiimbwa na watu wanaoujua, humfanya msikilizaji ajiulize mwenyewe setla wa leo ni nani. Hakuna kibali kinachoweza kulizuia swali hilo likishaingia kichwani, kwa hivyo wakazuia mlango.

Watu wetu hawakusalimika katika zama hizo. Alamin Mazrui wa Mombasa, aliyeandika Kilio cha Haki mwaka 1981 juu ya wafanyakazi wa shamba la setla, alitiwa kizuizini mwaka 1982. Na kabla yao wote Abdilatif Abdalla alifungwa miaka 3 kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Yeye hakuandika kwa fumbo katika waraka ule. Aliuliza waziwazi, na akalipa. Hukohuko gerezani ndiko alikotunga mashairi yaliyotoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, ambayo watoto wetu husoma shuleni bila ya kuambiwa sana kosa la mwandishi lilikuwa nini.

Miaka ya karibuni jukwaa la nyimbo limefufuka kidogo Nairobi. Eric Wainaina, yule aliyeimba juu ya nchi ya kitu kidogo, alitunga Mo Faya, tamthilia ya nyimbo inayotokea katika kitongoji cha kubuni kiitwacho Kwa Maji, ambapo ardhi ya maskini inanyemelewa. Ilifika hadi New York. Ni kazi nzuri na watu waliipenda, lakini nayo ilichagua mahali pasipokuwepo kwenye ramani.

Kwingineko mzigo umebebwa na watoto wa shule. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere ilileta Shackles of Doom, iliyoandikwa na Cleophas Malala, juu ya ugawaji usio sawa wa mali na vyeo baina ya makabila. Ikaondolewa kwenye tamasha la kitaifa la drama kwa madai kwamba inachochea chuki. Okiya Omtatah akaenda Mahakama Kuu, na Jaji David Majanja akaamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 shule ile ile na mwandishi yule yule walikuja na Echoes of War, kisa cha vijana na watawala katika ufalme wa kubuni. Ikawekwa kando, mahakama ikaamuru irudishwe, na tarehe 10 Aprili, Nakuru, wasichana wale waliimba wimbo wa taifa wakatoka ukumbini bila ya kuigiza, baada ya mwandishi wao kukamatwa na kuzuiwa kuwa nao. Polisi walirusha vitoa machozi nje. Wengi wetu twakumbuka picha zile za watoto wenye sare wakilia.

Sitetei mtu wa siasa hapa. Malala amekuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala, na mtu wa siasa akiandika mchezo wa watoto ni haki ya mzazi kuuliza maswali. Ninachotaka kukionyesha ni kazi ya fumbo katika michezo hii. Shackles of Doom haikumtaja mtu. Ilitaja jamii mbili za kubuni, moja ikiila nyingine. Basi watu wakafanya nini? Wakaanza kuulizana ni kabila gani linalosemwa. Lawama ambayo ingekaa juu ya watu kumi au ishirini wenye majina na saini ikamwagika juu ya mamilioni ya watu wasiowahi kuiona hata hundi ya serikali. Fumbo lilipokosa mtu liliangukia kabila. Kwa nchi yetu na tulivyochinjana mwaka 2007 na 2008, hilo si jambo dogo.

Ndipo naja Machakos.

Machakos si ugenini kwetu. Misafara ya Wakamba ilishuka na pembe za ndovu hadi Mombasa kabla Mzungu hajaipanda njia hiyo, na Wakamba wakafanya makao Rabai na kwengineko nyuma ya Mombasa. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa madai kwamba ni wengi kuliko malisho, wakati ambapo kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei nafuu hapo Athi River, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Wakapiga kambi wiki kadhaa. Serikali ililegea juu ya ng'ombe, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alihamishwa kwa nguvu. Alipelekwa wapi? Lamu. Kwa hivyo wazee wa Lamu walipata kumwona kwa macho mtu ambaye leo ni jina la barabara Nairobi.

Kashfa ya mahindi yatoka hapohapo, katika Kangundo ya Machakos. Paul Ngei hakuwa mtu mdogo. Alisoma Makerere, akakamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka 1953 pamoja na Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai na Achieng' Oneko. Yasimuliwa kwamba kule gereza la Lokitaung alijitolea kuchapwa viboko vya Kenyatta, aliyekuwa mtu mzima kuliko wao. Kwa Wakamba wa wakati ule alikuwa kama mfalme, na alipokosana na KANU mwaka 1962 aliunda chama chake, African People's Party, akaondoka na Ukambani karibu nzima. Mwaka uliofuata alirudi KANU. Baada ya uhuru akapewa usimamizi wa bodi ya mahindi, kisha uwaziri wa ushirika na masoko.

Ili kuelewa kashfa, lazima uelewe mahindi yalivyouzwa. Serikali ya uhuru ilirithi mpango wa masetla. Mkulima hakuwa huru kumuuzia amtakaye. Mahindi ya biashara yalipaswa kupitia bodi, kwa bei ya bodi, na kuyasafirisha kwa wingi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulitaka kibali. Mpango huo uliwekwa kumlinda mkulima Mzungu asianguke bei. Mikononi mwa Mwafrika uliokuwa mtupu wa chakula ukageuka mlango wenye bawabu: mwenye ufunguo anapita, mwingine anangoja.

Mwaka 1965 mvua zilikosekana na mahindi yakaadimika. Watu walipanga foleni ya unga. Mahindi ya manjano kutoka Marekani yakaagizwa, yakapita bandarini kwetu Kilindini kwenda juu, na wengi waliyala kwa kinyongo maana kwa mtu aliyezoea sima nyeupe rangi ile ni ya chakula cha mifugo. Katikati ya dhiki hiyo zikatoka tuhuma kwamba kinu cha Uhuru Millers cha Kangundo, kilichokuwa cha mke wa waziri, kilikuwa kinanunua mahindi moja kwa moja kwa wakulima bila ya kupitia bodi. Yaani bodi aliyowahi kuisimamia mume, sasa ikiwa chini ya wizara yake, iliwabana wakulima wote, na kinu cha nyumbani kilipita pembeni. Kelele zikawa kubwa bungeni na magazetini. Kenyatta akamsimamisha Ngei kazi, tume ya uchunguzi juu ya mahindi ikaundwa, mashahidi wakaitwa, na ripoti ikatoka Juni 1966. Mwaka huohuo Ngei alikuwa tena waziri, mara hii wa nyumba.

Hiyo ndiyo kashfa kubwa ya kwanza ya Kenya huru. Wasomaji vijana wanaoijua Goldenberg na Anglo Leasing huenda wakacheka: magunia ya mahindi! Lakini tazama umbo lake. Upungufu wa chakula, bodi ya serikali, jamaa wa mkubwa, tume, ripoti, kurudishwa kazini. Kila kashfa ya mahindi tuliyoiona baadaye imevaa kanzu ileile, imepigwa pasi tu.

Niliwahi kuishi Machakos miaka miwili kikazi, na jambo moja lilinishangaza. Wazee wa pale hawahesabu njaa kwa miaka, huzipa majina. Njaa ya 1961 ni ya Ndeke, yaani ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kwa ndege. Ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, nitakufa nikiwa nimeshika, maana pesa zilikuwa mkononi na dukani hakuna kitu. Mzee mmoja jirani yangu, nilipomuuliza habari za Ngei, aliniangalia kwa muda akasema, "Mwanangu, yule alikuwa wetu." Hakuongeza. Katika sentensi ile mlikuwa na mapenzi na mlikuwa na hesabu isiyofungwa, na mimi naona mchezo mzima umo humo.

Kwa sababu mtu mbaya mtupu hafai jukwaani. Aliyejitolea kupigwa viboko kwa ajili ya mwenzake, kisha watu wake wakapanga foleni ya unga huku kinu cha nyumbani kwake kikisaga, huyo anafaa.

Sasa yaimbweje bila ya kuingia katika uzushi? Hapa nina mfano wa mbali kidogo, wa London. Agosti 2015 shirika la kuwasaidia watoto, Kids Company, lilifunga milango siku chache baada ya serikali ya Uingereza kulipa pauni milioni 3. Oktoba mwaka huo kamati ya Bunge ilimwita mkuu wake, Camila Batmanghelidjh, na mwenyekiti wa wadhamini, Alan Yentob, iwahoji. Mwaka 2017 ukumbi wa Donmar Warehouse ulionyesha tamthilia ya nyimbo juu ya kikao hicho kimoja, muziki ukiwa wa Tom Deering, na maneno yakichukuliwa kutoka kumbukumbu rasmi za ushahidi. Wabunge waliimba maswali waliyouliza, mashahidi wakaimba majibu waliyojibu.

Faida ya njia hiyo ilionekana baadaye. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa ombi la kuwazuia viongozi wale kuwa wakurugenzi wa makampuni, na jaji akasema maneno ya kuwatetea. Mchezo ungekuwa umewaita wezi, ungekuwa umesema uongo. Lakini kwa kuwa uliimba yaliyosemwa chumbani mle na hakuna zaidi, haukuwa na neno la kufuta. Watazamaji walipewa ushahidi, hukumu wakaachiwa wenyewe.

Machakos ina vitu hivyo. Ipo ripoti ya tume ya 1966, iliyochapishwa na serikali yenyewe. Zipo kumbukumbu za Bunge za 1965 na 1966. Yapo magazeti ya wakati huo. Na ikiwa mtunzi ataka sehemu ya pili, ipo nyingine inayotokea bungeni kabisa. Katika uchaguzi wa 1974 Ngei alishinda, kesi ikafunguliwa, na mahakama ikampata na kosa la uchaguzi, kosa lililomzuia kugombea kwa miaka 5. Desemba 1975 Bunge likabadilisha Katiba kwa haraka isiyo ya kawaida ili Rais apate uwezo wa kumsamehe mtu wa namna hiyo. Rais akasamehe, uchaguzi mdogo ukafanywa, Ngei akarudi. Mpaka leo mawakili huyaita mabadiliko ya Ngei. Hebu fikiria kiitikio cha wabunge wakipiga makofi kwenye meza, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila mara kwa kasi zaidi, na mtu mmoja tu amekaa kimya jukwaani. Sidhani kama hapo yahitajika maneno mengi.

Wako watakaosema: maiti hutajwa kwa mema. Ni kweli, ndivyo tulivyofunzwa, na mimi siko tayari kulipuuza neno hilo kwa ajili ya mchezo wa kuigiza. Ngei alifariki mwaka 2004, watoto na wajukuu wapo. Lakini kuna tofauti ya siri ya mtu na amana ya watu. Wanazuoni wetu wenyewe wameitenga na ghiba hali ya mwenye kudhulumiwa anayeeleza dhuluma yake. Aliyekosa unga mwaka 1965 alikuwa na dai juu ya cheo, na dai hilo lilisikilizwa hadharani na tume ya serikali. Kuyaimba yale si kufukua kaburi. Kinyume chake, viko visa vingi vya Ngei vinavyozunguka katika baraza na mabaa ya Ukambani, vya kuchekesha kweli, ambavyo havikuandikwa mahali popote pa kutegemewa. Hivyo ndivyo ghiba. Mtunzi atavitamani kwa sababu watu watacheka, na hapo ndipo atakapopimwa.

Kwa upande wa sheria njia ni nyeupe kuliko watu wanavyodhani. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza haina kesi ya kumchafulia jina aliyekufa. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanii, na hapohapo kinaondoa uchochezi na matamshi ya chuki. Ukitaja mtu mmoja kwa jina, kwa jambo alilohojiwa na tume, uko mbali na uchochezi wa kabila kuliko yule aliyebuni jamii mbili zisizo na majina. Jambo hili halijazingatiwa vya kutosha na waandishi wetu wa drama za shule, wanaodhani kubuni ufalme ndiko kujikinga. Butere walibuni ufalme mwaka 2025, na moshi ulikuja vilevile.

Hatari iliyobaki ni ya upande mwingine kabisa, nayo ni utamu. Wimbo humpamba kila anayeimba. Evita, iliyofunguliwa London mwaka 1978, ilimfanya Eva Perón wa Argentina apendwe na watu wasiojua lolote juu ya serikali ya mumewe. Here Lies Love, ya David Byrne juu ya Imelda Marcos wa Ufilipino, ililaumiwa kwa jambo hilohilo ilipofika Broadway mwaka 2023: watu wanacheza disko, na waliofungwa na kuuawa wanakuwa vivuli nyuma. Ngei alikuwa na sauti, maringo na ucheshi. Akipewa mwimbaji hodari atawachukua watazamaji mpaka wasahau foleni.

Dawa naiona katika muziki wa Wakamba wenyewe. Wana nyimbo za myali, ambazo kazi yake ni kumkosoa mkosaji mbele ya watu, dada zake lelemama yetu. Wana kilumi, ngoma ya wanawake watu wazima, nzito, isiyokwisha haraka. Wana benga ya magitaa kama ile ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, iliyochezwa hadi huku kwetu. Mimi ningempa Ngei benga, kwa sababu ndiyo tamu. Myali ningewapa mashahidi wa tume. Na kilumi ningewapa wanawake wa foleni ya unga, nao wasiondoke jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, hata waziri akiimba. Kila benga inapopanda, chini yake ngoma yao isikike. Na maneno yao, kama ushahidi wa wanawake wa aina hiyo umo katika kumbukumbu, yawe hayohayo waliyoyasema. Kama tume haikuwaita, basi wapige ngoma bila ya kusema neno, na watazamaji watajua ni kwa nini.

Mahali pa kuigizia papo. Machakos ina bustani yake ya People's Park, ina shule kongwe za wavulana na wasichana zilizozoea tamasha za drama, na watu wa kutosha wanaojua kuimba. Nyimbo ziwe za Kikamba, ushahidi uwe wa Kiswahili ili afuate kila mtu. Mwalimu anayetaka kuanza aende kwanza Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, aulizie ripoti ya tume ya mahindi ya Juni 1966, na aisome mpaka mwisho kabla ya kutunga wimbo hata mmoja. Na mchezo ukiwa tayari, uletwe Mombasa nasi tuuone, kisha uvushwe Lamu, ambako deni la Muindi Mbingu bado liko.